Propela ni ya Ndege Kwanza, Injini Baadaye

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioishika fani hii kabla yangu, vijana, na nyote mliokuja na ndege zenu za mfano mikononi, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa niseme juu ya propela, au rafadha kama wengine wanavyoiita. Nilikubali hapohapo, kwa sababu kila nikifika uwanjani nakutana na jambo lilelile. Mtu ameijenga ndege yake kwa miezi mitano. Kila ubavu wa bawa ameupima, kitambaa amekivuta hadi hakina kunyanzi hata moja, injini ameitafuta iliyo nzuri. Ukimwuliza kwa nini amefunga propela ile, anajibu: "Ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya injini."

Karatasi ile haidanganyi. Ila aliyeiandika hajaiona ndege yako. Anaijua injini yake, lakini hajui kama utaifunga kwenye ndege ya mbio yenye mabawa membamba au kwenye ndege ya mabawa ya ghorofa yenye nguzo na nyaya kila upande. Neno langu la leo ni hili: injini inakwambia inaweza kubeba mzigo kiasi gani, na ndege ndiyo inayokwambia mzigo huo uwe na umbo gani. Ukiisikiliza moja na kuiacha nyingine, utahangaika mwaka mzima na sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta, bila kuona tofauti.

Tuanze na namba zilizochongwa kwenye propela yenyewe. Ukikuta 10x6, kumi ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara inayochorwa na ncha za mapanga. Sita ni pichi, nayo pia ni kwa inchi. Fikirini skrubu inayoingia kwenye ubao. Ukiizungusha mara moja, inazama kiasi fulani, na kiasi hicho ndicho pichi yake. Propela ya pichi ya sita, kama hewa ingekuwa ngumu kama ubao, ingesonga mbele inchi sita kwa kila mzunguko.

Hewa si ubao, lakini mfano huu unatupa hesabu yenye manufaa makubwa. Chukua mizunguko kwa dakika, zidisha kwa pichi, kisha gawanya kwa 656. Unapata mwendo wa pichi kwa kilomita kwa saa. Mizunguko 12,000 kwa pichi ya 6 ni 72,000. Gawanya kwa 656, ni kama kilomita 110 kwa saa. Ndege yenyewe, ikiruka usawa, kwa kawaida itakuwa chini ya hapo, kwa sababu lazima mapanga yaikate hewa kwa pembe fulani ndipo yapate msukumo. Kwa hiyo hesabu hii inakuonyesha dari, na mwendo wa ndege unaupata chini ya dari hiyo. Ndege yako ikiwa haiwezi kuvuka kilomita 70 kwa saa hata ukiisukuma kwa nguvu zote, kwa sababu ya ukinzani wa hewa, pichi ya kilomita 130 itaifanyia nini? Nguvu yote inaishia kuchapa hewa.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo wengi tunapopotea.

Kuna kanuni tuliyorithishana uwanjani: ukiongeza inchi moja ya kipenyo, punguza inchi moja ya pichi, na mzigo wa injini utabaki uleule. Nimeifuata miaka mingi, nikaifundisha, na leo nataka kuirekebisha mbele yenu. Mzigo wa propela haupandi sawasawa kwa kipenyo na pichi. Kwa mapanga ya umbo linalofanana, makadirio mazuri ni kwamba mzigo unafuata pichi mara moja, lakini unafuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Sababu yake inaonekana ukitafakari. Ukiongeza kipenyo, ncha inapita mbali zaidi katika muda uleule, kwa hiyo inakwenda kasi zaidi, na wakati huohuo duara la hewa linalosukumwa linapanuka. Mambo yote mawili yanaongezeka kwa pamoja.

Tupige hesabu. Kumi mara kumi mara kumi mara kumi ni 10,000. Mara pichi ya 6 ni 60,000. Hiyo ndiyo 10x6. Kwa kanuni ya zamani, 11x5 ingekuwa sawa nayo. Lakini kumi na moja mara nne hivyo ni 14,641, na mara 5 ni zaidi ya 73,000. Mzigo umepanda zaidi ya moja ya tano! Upande wa pili, 9x7 inatoa karibu 46,000, yaani injini imeondolewa karibu robo ya mzigo. Inayolingana kweli na 10x6 ni 11x4, yenye takriban 58,600. Kwa hiyo inchi moja ya kipenyo hubadilishana na inchi mbili za pichi, angalau katika ukubwa huu tunaouchezea wengi wetu. Umbo la panga, upana wake na unene wake hubadilisha mambo kidogo, ndiyo maana propela mbili zenye namba zilezile kutoka viwanda viwili hazifanani kabisa. Lakini hesabu hii itakufikisha karibu sana kuliko kubahatisha.

Niwape mfano niliouona kwa macho yangu. Kijana mmoja alileta ndege ya mabawa ya ghorofa, nzuri ajabu, yenye injini ya mapigo mawili ya sentimita za ujazo 10, ile tunayoiita sitini. Alikuwa amefunga 11x8. Injini ilinguruma vizuri, kwenye takometa, kile kipima mizunguko, ilionyesha karibu 11,000. Ukiitegea sikio tu, ungesema mambo yote ni sawa. Ndege ikatambaa uwanjani mbio ndefu, ikanyanyuka kwa shida, ikapanda kama mtu mwenye gunia mgongoni. Alizunguka mara mbili akaiteremsha, mikono ikimtetemeka. Watu wakamzunguka na kumwambia injini ni dhaifu, atafute kubwa zaidi.

Injini ile haikuwa dhaifu hata kidogo. Tuitazame 11x8. Kwa mizunguko 11,000, mwendo wake wa pichi ni kilomita 134 kwa saa, na ndege ile yenye nyaya na nguzo zote zile isingefika nusu ya kasi hiyo kwa urahisi. Kuna jambo baya zaidi. Panga la propela ni bawa linalozunguka. Wright na nduguye, wale waanzilishi wa ndege yenye injini, walilifahamu hilo vizuri kabla ya kuruka mwaka 1903: walipokosa nadharia ya propela ya kuwasaidia, walichukua vipimo vya mabawa walivyovipata kwenye handaki lao la upepo, wakavitumia kuchonga propela kama bawa linalozungushwa. Na bawa lolote likiinuliwa kwa pembe kubwa mno, hewa inabanduka juu yake na nguvu inaporomoka. Kwenye 11x8, robo tatu ya njia kutoka katikati kwenda kwenye ncha, panga limeinama kama nyuzi 17. Ndege ikiwa imesimama au inaanza kutambaa, hewa inakutana na mapanga kwa pembe kubwa, na sehemu za karibu na kitovu zina mwinamo mkali zaidi. Kwa hiyo kiasi kikubwa cha propela kilikuwa kimekwisha kukwama kabla ndege haijaondoka. Inanguruma, inakula mafuta, lakini haivuti.

Nilimpa 13x4 yangu. Fanyeni hesabu ya mzigo: 11x8 ni kama 117,000, na 13x4 ni kama 114,000. Kwa injini, karibu hakuna kilichobadilika. Takometa ilisoma mizunguko ileile, ikazidi kidogo tu. Lakini mwinamo wa panga sasa ulikuwa nyuzi 7 hivi, duara la hewa limepanuka, na mwendo wa pichi umeshuka hadi kilomita 67 kwa saa, unaokaribiana na uwezo wa ndege ile. Ilitambaa mbio fupi ikanyanyuka, mkia ukiwa umeinuka sawasawa. Ikapanda kwa utulivu. Injini ni ileile, mafuta ni yaleyale, mzigo ni uleule, umbo la mzigo tu ndilo lililobadilika. Kijana yule aliniangalia bila kusema neno, na mimi nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi za ndege zangu mwenyewe.

Hao akina Wright, kwa injini yao ya nguvu farasi kama 12 tu, walizungusha propela mbili zenye kipenyo cha mita 2.6 kwa minyororo, polepole, kama mizunguko 350 kwa dakika. Ndege ya polepole yenye ukinzani mwingi inataka kushika hewa nyingi na kuisukuma taratibu. Ndege ya mbio inataka kushika hewa kidogo na kuirusha kwa kasi. Hilo halijabadilika tangu siku ile.

Basi ndege ya mbio, iliyolainishwa mwili na yenye bawa jembamba, mpe propela ndogo ya pichi kubwa, na ukubali kwamba itatumia uwanja mrefu kupaa. Ndege ya kujifunzia, mpe kipenyo kadiri injini inavyoruhusu, na pichi ndogo. Faida yake ni mbili. Inapanda vizuri, na ukipunguza moto ukiwa unatua, lile duara kubwa lenye pichi ndogo linageuka kuwa breki. Mwanafunzi anahitaji breki hiyo sana. Ndege za michezo ya angani zinazoning'inia wima kwa propela zinakwenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo, na huvaa kipenyo kikubwa kwa pichi ndogo.

Sasa tuisikilize injini, maana sikusema tuipuuze. Kama pa kuanzia, injini ya mapigo mawili ya sentimita za ujazo 2.5 huanza vizuri na 8x4. Ya 4 ianze na 9x5. Ya 6.5, ile arobaini tunayoipenda, na 10x6. Ya 7.5 na 11x6, na ya 10 na 12x6. Injini za mapigo manne hupata nguvu zao kwenye mizunguko ya chini, kwa hiyo hubeba propela kubwa zaidi kwa ujazo uleule. Usizilazimishe zipige kelele kama za mapigo mawili.

Ukizidisha mzigo, injini inashindwa kufika kwenye mizunguko ambako nguvu yake ipo. Inapata joto. Na injini zetu hizi za methanoli na plagi ya kung'aa hazina mtu wa kuchelewesha moto. Mzigo ukizidi, hasa ukiwa na nitromethani nyingi kwenye mafuta, mchanganyiko unawaka mapema mno, pistoni inapigwa kabla haijafika juu. Utasikia ukwaruzaji mkavu kama changarawe kwenye debe. Ikifikia hapo inaweza kurudisha teke hadi nati ilegee na propela iruke. Ukipunguza mzigo kupita kiasi, injini inakimbia bila breki. Nguvu inayovuta konrodi inaongezeka mara nne mizunguko ikiongezeka mara mbili, na konrodi haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Watu wanafurahia mlio ule mwembamba wa juu, mimi nikiusikia naumia moyo.

Jambo ambalo wapya hawaambiwi ni kwamba kipimo cha chini si kipimo cha hewani. Ndege ikiwa imeshikwa, mapanga yanabeba mzigo mkubwa kuliko ikiwa inaruka. Ikishaondoka, hewa inakuja mbele yenyewe, mzigo unapungua, na mizunguko inapanda, mara nyingi kwa asilimia kumi hivi. Kwa hiyo ukitaka injini ifanye kazi kwenye 12,500 angani, chini iridhie kama 11,500. Na kwa sababu hiyohiyo usiikaze sindano hadi kilele ukiwa chini. Itafute mizunguko ya juu kabisa, kisha fungulia mafuta kidogo hadi ishuke mizunguko 300 hivi. Injini itajikaza yenyewe angani.

Takometa basi ni chombo cha lazima. Kama huiamini yako, ielekeze kwenye taa ya mrija inayotumia umeme wa nyumbani, ukiwa umeiweka kwenye mapanga mawili: umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde utaonyesha 3,000, na wa 60 utaonyesha 3,600.

Baada ya takometa, sikilizeni ndege ikiwa juu. Ikipiga mbizi kidogo na injini ikapiga kelele ya kukimbia ovyo, pichi ni ndogo mno kwa ndege hiyo. Ikipanda na injini ikazama sauti na kukaa hapo, mzigo ni mkubwa mno. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu anayebadilisha propela, plagi na mafuta siku moja hajui kilichomsaidia wala kilichomwumiza.

Mapanga matatu yanavutia macho, na kwa ndege za mfano wa zile za kivita ni sahihi kwa sura. Yanasaidia pia pale ambapo magurudumu ni mafupi na propela ndefu ingegusa ardhi. Lakini huongezi nguvu kwa kuongeza panga. Punguza inchi moja ya kipenyo ukihama kutoka mapanga mawili, na utegemee kupoteza ufanisi kidogo. Mbao ni nyepesi na inavunjika haraka ndege ikianguka, jambo linaloiponya kirenki. Nailoni yenye nyuzi za kioo inavumilia zaidi. Kaboni ni ngumu na ya gharama. Ukifunga ya mbao, kaza tena nati baada ya mruko wa kwanza, kwa sababu mbao inaminyika.

Mliohamia kwenye mota za umeme, tahadhari moja kubwa. Injini ya mafuta ukiizidishia propela inalalamika na kupunguza mizunguko. Mota ya umeme hailalamiki. Inajitahidi kushika mizunguko ileile, inavuta umeme zaidi na zaidi kutoka kwenye betri, na unayemsikia kwanza ni moshi. Kwa hiyo kila propela mpya ipimwe kwa wati-mita kabla ya kuruka. Na msizihamishe propela nyembamba za umeme kwenye injini za pistoni. Mapigo ya pistoni na mtetemo wake si kitu zilichotengenezewa kuvumilia.

Hilo linanileta kwenye usalama, na hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Panga la gramu 10 ambalo uzito wake umekaa sentimita 6 kutoka katikati, likizunguka mara 12,000 kwa dakika, linavutwa kutoka kwenye kitovu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Ni kama mtu mzima mnene ananing'inia kwenye kila panga. Ncha ya propela ya inchi 11 kwa mizunguko hiyo inapita kwa zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Sasa fikirini mpasuko mdogo, ule tunaousugua kwa msasa na kusema unatosha. Nina kovu kwenye kidole hiki cha shahada. Propela ilikuwa na mkwaruzo kwenye ukingo, niliuona asubuhi, nikasema niruke mara moja tu. Nilikuwa naegemea pembeni kurekebisha sindano, mkono wangu ukiwa katika mstari wa duara. Kipande kilichotoka kilikuwa kidogo kama ukucha.

Propela iliyojeruhiwa haitengenezwi. Ivunjeni vipande viwili palepale ili mwingine asiiokote akadhani bado inafaa. Washeni kwa kijiti au kwa stata, si kwa kidole. Ikishawaka, zungukeni nyuma ya ndege ndipo muiguse sindano, na asiwepo mtu yeyote, hasa mtoto, pembeni au mbele ya duara. Vaeni miwani. Pakeni ncha rangi nyeupe ili duara lionekane. Propela ya chuma isionekane kabisa uwanjani.

Na pimeni mizani. Propela mpya kutoka kwenye pakiti yake mara nyingi ina panga moja zito kuliko jingine. Mtetemo wake unalifanya povu litokee ndani ya tangi, injini inavuta hewa badala ya mafuta, na mtu anashinda anazungusha sindano akidhani kabureta ni mbovu. Unalegeza skrubu, unapasua gundi, unachosha vyombo vya redio. Sugua panga zito upande wa nyuma, taratibu, au pakaza vanishi kwenye lile jepesi, hadi propela ikae popote unapoiacha bila kuzunguka yenyewe.

Mizani yangu ya sumaku iko pale mezani karibu na mlango, na msasa laini upo. Nimeleta pia propela zangu za 11x4, 12x5 na 13x4 kwa atakayetaka kujaribu kwenye ndege yake kesho asubuhi kabla upepo haujaanza. Njooni na zenu tuzipime.